Sura ya Sita: Viti Vitupu vya Glendale

Shabiki anayeumizwa zaidi na viti vitupu ni yule aliyekuja uwanjani. Aliyebaki nyumbani hasikii lolote. Aliyekuja ndiye anayeketi katikati ya safu zilizo wazi, jezi mwilini, maegesho ameshalipia, na kila kamera ya televisheni inapozunguka kuonyesha upande wa pili anajua kwamba kesho watu wa miji ya mbali watacheka, na watamcheka yeye. Watasema mji wake haujui mchezo, timu ichukuliwe ipelekwe kwa wanaoipenda. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyozoea kusema. Lakini Glendale, katika jimbo la Arizona, waliokuwepo ndio walioshtakiwa kwa kosa la wasiokuwepo. Sura hii ni yao, mashabiki wa Coyotes, timu ya hoki ya barafuni iliyoishi jangwani kuanzia mwaka 1996 hadi 2024.

Kwa asiyeujua mchezo: kila upande una wachezaji sita, akiwemo kipa, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wanafukuzia kwa magongo kisahani cheusi cha raba kinachokwenda kasi kiasi kwamba jicho geni hukipoteza. Afrika Mashariki unachezwa Nairobi, kwenye barafu ya hoteli ya Panari iliyo Barabara ya Mombasa, ambako ndiko ilikokulia timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakacheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Basi ile hoja ya kwamba watu wa nchi za joto hawawezi kupenda barafu tuiondoe mezani mapema. Imewaumiza watu wa Arizona kwa miaka mingi bila sababu.

Timu yenyewe haikuzaliwa Arizona. Ilikuwa Winnipeg Jets, timu ya mji wa baridi kali katikati ya Kanada, mji ulioililia kwa machozi. Mwaka 1995 maelfu kwa maelfu ya watu walikusanyika kuomba isiondoke, na watoto walitoa akiba zao kuichangia. Haikusaidia. Dola ya Kanada ilikuwa dhaifu, mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola ya Marekani, na uwanja ulikuwa umezeeka. Mwaka uliofuata timu ikahamia Phoenix. Tangu siku hiyo kila kiti kitupu cha Arizona kilihesabiwa na watu wa Kanada kama ushahidi wa wizi. Mashabiki wapya wa Phoenix walirithi kesi ambayo hawakuifungua.

Makao ya kwanza yalikuwa uwanja wa America West, katikati ya jiji, uliofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya Suns, timu ya mpira wa kikapu. Hapa ndipo mtu anapaswa kutazama kwa makini, maana mengi yaliyofuata yalianza na vipimo. Uwanja wa kikapu una urefu usiofika mita 29. Barafu ya hoki ina urefu wa mita 61. Walipoitandaza ndani ya jengo lile, upande mmoja wa barafu uliingia chini ya majukwaa ya juu. Ukiketi kule juu, lango la upande huo lilikuwa chini ya miguu yako, mahali usipopaona. Kisahani kikienda huko, kilitoweka, na bao likifungwa ulilijua kwa kelele za walioketi ng'ambo. Viti vya namna hiyo viliuzwa kwa bei ya chini, na bado vingi havikupata mtu. Nani angelipa, hata kidogo, aende kutazama nusu ya mchezo? Lakini kwenye picha ya televisheni kiti kile kilifanana na kingine chochote kisichotakiwa.

Hata hivyo watu walikuja. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Scottsdale, Auston Matthews, aliyepelekwa na familia yake akiwa bado mdogo sana, na kilichomvutia kwanza ni lile gari kubwa linalolainisha barafu wakati wa mapumziko. Mwaka 2016 huyo huyo alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Akaenda Toronto. Ameshakuwa mfungaji bora wa ligi mara tatu. Jangwa lilizaa mchezaji ambaye miji ya baridi ingemtamani, na alizaliwa kimchezo ndani ya uwanja ule ule uliokuwa ukichekwa.

Wamiliki walijua kwamba America West haufai, wakatafuta pa kujenga. Mpango wa kwanza ulikuwa Scottsdale, mashariki mwa bonde la Phoenix, kwenye kiwanja cha jengo la maduka la Los Arcos. Ulikuwa mpango wa akili, kwa sababu wanunuzi wengi wa tiketi waliishi upande huo: Scottsdale, Tempe, Mesa, Chandler, Gilbert. Mazungumzo na jiji yakavunjika. Glendale, jiji la magharibi mwa bonde, likajitokeza na fedha za umma, na Desemba 2003 timu ikahamia uwanja mpya wenye viti zaidi ya 17,000. Ulikuwa uwanja mzuri. Kila kiti kiliona malango yote mawili. Ila ulikuwa mbali na watu.

Mbali kiasi gani? Mtu wa Mesa alikuwa na takriban kilomita 50 za kuendesha. Mechi inaanza saa moja jioni. Anatoka kazini saa kumi na moja, anaingia kwenye foleni ya barabara kuu jua likimpiga usoni kwa sababu anaelekea magharibi, anafika wachezaji wameshaanza au karibu waanze. Mechi inaisha baada ya saa tatu usiku, na safari ya kurudi inamsubiri. Ana watoto wanaokwenda shule asubuhi. Sasa zidisha hayo, maana timu ya NHL ilikuwa ikicheza mechi 41 za nyumbani kwa msimu, nyingi zikiwa katikati ya wiki.

Hapo hapo jirani, mwaka 2006 ulifunguliwa uwanja wa Cardinals, timu ya futiboli ya Kimarekani, nao ulijaa. Wenye dhihaka waliutumia mfano huo: mbona kule watu wanafika? Kwa sababu futiboli ya Kimarekani ina mechi nane hivi za nyumbani, karibu zote Jumapili, mchana kweupe. Mtu anaweza kuifanya sikukuu ya familia mara nane kwa mwaka. Hawezi kuifanya mara 41 usiku wa Jumanne. Hili ni jambo rahisi sana, na inanikera kwamba lilihitaji kuelezwa kwa watu wazima wenye ofisi na wahasibu.

Inafaa pia tujue hesabu inavyofanywa. Idadi ya watazamaji inayotangazwa katika NHL huhesabu tiketi zilizotoka, na haisemi ni wangapi waliopita mlangoni. Aliyenunua akakwama kwenye foleni amehesabiwa. Tiketi iliyogawiwa bure na kusahaulika kwenye droo ya ofisi inaweza kuingia pia. Ndiyo maana shabiki husikia kipaza sauti kikitaja watu 12,000, akageuza shingo kulia na kushoto, asiwaone. Timu ya Florida Panthers iliwahi kuamua kusema ukweli. Ilikuwa na mmiliki mpya, ikapunguza mno tiketi za bure, na Oktoba 2014 ikatangaza watazamaji 7,311 katika mechi moja, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Dunia ya hoki ilicheka wiki nzima. Miaka kumi baadaye timu ile ile, katika uwanja ule ule ulioko pembezoni mwa mabwawa ya Everglades, ilibeba Kombe la Stanley, taji kuu la ligi, mbele ya uwanja uliojaa pomoni, na mwaka 2025 ikalibeba tena.

Coyotes hawakupata nafasi ya kujenga namna hiyo, kwa sababu Mei 2009 mmiliki wake, Jerry Moyes, aliipeleka timu mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi, huku akiwa na mnunuzi mkononi: Jim Balsillie, tajiri wa simu za BlackBerry, aliyetaka kuihamishia Hamilton, Kanada. Kamishna wa ligi, Gary Bettman, alipinga. Jaji akamkatalia Balsillie, na mwishoni mwa mwaka ligi yenyewe ikainunua timu kwa dola milioni 140. Ikabaki nayo mpaka 2013.

Miaka minne timu haina mwenyewe. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha yote. Tiketi ya msimu hununuliwa miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Mtu anatoa fedha nyingi kwa mkupuo, mara nyingi kwa mkopo au kwa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu anaamini Oktoba timu itakuwepo na mwaka wa pili na wa tatu atakalia kiti kile kile karibu na majirani wale wale. Shabiki wa Glendale alitakiwa kufanya hivyo huku magazeti yakiandika kila wiki mji mwingine ambako timu ingeweza kupelekwa. Wanunuzi walitangazwa wakapotea. Matthew Hulsizer alikuja na mpango wake, mpango ukakwamishwa na tishio la kesi kuhusu fedha za umma. Greg Jamison akaja, muda wake ukaisha Januari 2013 bila kukamilisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kampuni iliyotaka kukodi chumba cha wageni wake uwanjani ilisita. Baba aliyetaka kumnunulia mwanawe jezi alijiuliza kama jezi hiyo itakuwa ya timu iliyopo. Na walipojizuia, kila aliyejizuia akahesabiwa kuwa ushahidi kwamba timu haipendwi.

Wakati huo huo timu ilicheza vizuri kuliko ilivyowahi kucheza. Msimu wa 2009–10, ikiwa ndani ya mahakama na mikononi mwa ligi, ilishinda mechi 50 chini ya kocha Dave Tippett. Watazamaji wake walikuwa takriban 12,000 kwa mechi, wachache kuliko timu zote za ligi. Mwaka 2012 ilitwaa ubingwa wa kundi lake, ikawatoa Chicago Blackhawks, ikawatoa Nashville, ikafika nusu fainali ya Kombe la Stanley. Katika mechi zile za mtoano uwanja uligeuka mweupe, watu wote wamevaa nyeupe kwa desturi iliyotoka Winnipeg pamoja na timu, na kelele zikatikisa jengo. Watu walikuwepo, tena walikuwepo kwa wingi. Waliondoka tena msimu wa kawaida uliporudi, na waliokuwa wakija kila siku walirudi kwenye safu zao wakiwa na swali lile lile kwa majirani zao: mbona jana mlikuja?

Hasira hiyo ya shabiki kwa shabiki naielewa, ingawa naiona imeelekezwa pasipostahili. Kulikuwa na usiku mbaya kuliko wa viti vitupu, nao ni usiku ambao viti vilijaa wageni. Phoenix ni mji wa wahamiaji waliokimbia theluji za Chicago, Detroit, Minnesota na Kanada. Walihama na timu zao moyoni. Blackhawks au Red Wings wakija, nusu ya uwanja na zaidi ilivaa nyekundu. Nahodha Shane Doan, aliyeanza na timu hii ingali Winnipeg na kuichezea mpaka 2017 bila kuhama, alicheza mechi nyingi nyumbani kwake huku akizomewa. Mwenye tiketi ya msimu aliketi pale akisikia bao la wageni likishangiliwa kuliko la timu yake.

Na jiji je? Glendale ilikuwa na wakazi wasiofika 230,000, na iliilipa ligi dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo, kuendesha uwanja ili timu isiondoke. Mwaka 2013 ikaahidi wamiliki wapya dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15. Mwaka 2015 baraza la jiji likapiga kura kuuvunja mkataba huo. Silaumu baraza. Mlipa kodi asiyekwenda hokini hakuwa na sababu ya kubeba hasara za matajiri. Ila matokeo kwa shabiki yalikuwa yale yale: mwaka mwingine wa kununua tiketi gizani.

Wenye kusema kwamba tatizo lilikuwa jangwa nawapeleka Chicago. Blackhawks ni miongoni mwa timu sita kongwe za ligi, katika mji wa baridi, wenye watu wanaoujua mchezo kwa vizazi. Msimu wa 2006–07 walikuwa na wastani wa chini ya watazamaji 13,000 katika uwanja wenye viti 20,500. Mji ulikuwa ule ule na barafu ile ile. Mmiliki, Bill Wirtz, alikuwa ameshikilia kwa miaka mingi kwamba mechi za nyumbani zisionyeshwe kwenye televisheni za mji huo, akiamini kwamba zikionyeshwa atawadhulumu walionunua tiketi. Kizazi kizima cha watoto wa Chicago kilikua bila kuona mechi ya nyumbani ya timu yao, labda ile moja moja iliyochukuliwa na televisheni ya taifa. Wachezaji wazuri waliachwa waende kwa sababu ya fedha. Wirtz alifariki Septemba 2007, na siku chache baadaye, katika mechi ya kwanza ya nyumbani, hotuba ya kumkumbuka ilizomewa. Kuzomea maiti ni jambo zito, na siwasifu waliofanya hivyo. Lakini ukitaka kupima uchungu wa mashabiki waliopuuzwa kwa miaka, kipimo ni hicho.

Mwanawe, Rocky Wirtz, alifungua milango. Mechi za nyumbani zikaanza kuonyeshwa. Wachezaji wa zamani waliokuwa wamekosana na klabu, kama Stan Mikita na Tony Esposito, wakaitwa nyumbani. Vijana wawili, Jonathan Toews na Patrick Kane, wakaingia kikosini msimu huo huo, na hilo nalo lilikuwa na uzito wake. Timu isiyoshinda haiokolewi na televisheni pekee. Msimu wa 2008–09 Chicago iliongoza ligi nzima kwa watazamaji. Mwaka 2010 ikabeba Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu 1961. Ilitoka karibu mkiani hadi kileleni katika misimu miwili, na hakuna aliyebadilisha hali ya hewa.

Winnipeg nayo ina la kusema. Mwaka 2011 ilipata timu mpya, iliyotoka Atlanta na kupewa jina lile lile la Jets. Tiketi za msimu 13,000 zilikwisha ndani ya siku chache, na siku mauzo yalipofunguliwa kwa umma zilizobaki zilichukuliwa kwa dakika 17. Kanada nzima ilinyooshea Arizona kidole. Mapema mwaka 2024 ikajulikana kwamba wenye tiketi za msimu wa Winnipeg wameshuka hadi karibu 9,500, na wenye timu wakaanza kuzungumza kwa wasiwasi. Sikufurahia habari hiyo. Mashabiki wa Winnipeg hawakuwa wameacha kupenda. Bei zilikuwa zimepanda, janga la korona lilikuwa limevunja mazoea, na mji ni mdogo. Wanastahili kusikilizwa vile vile ambavyo watu wa Glendale walistahili.

Mwaka 2021 Glendale ilitangaza kwamba haitaongeza mkataba wa uwanja. Mwishoni mwa mwaka huo jiji likatishia kuifungia timu milango kwa sababu ya kodi zilizochelewa. Oktoba 2022 Coyotes wakahamia Mullett, uwanja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona ulioko Tempe, wenye viti 4,600 kwa mechi zao. Timu ya kwanza kuja kucheza nao pale, katika mpangilio wa ratiba, ikawa Winnipeg Jets. Ligi nzima iliona aibu ya timu ya kulipwa kucheza katika uwanja wa wanafunzi. Ila mashabiki wa mashariki mwa bonde, kwa mara ya kwanza tangu 2003, walifika mechini bila kuvuka mji mzima. Uwanja ulibanana, tiketi zikapanda bei, na wachezaji walisikia sauti za watu wao wenyewe.

Mei 2023 wapiga kura wa Tempe walikataa mpango wa dola bilioni 2.1 wa kujenga uwanja na majengo mengine juu ya lililokuwa jalala la jiji. Matumaini yakaisha hapo. Tarehe 17 Aprili 2024 Coyotes waliwafunga Edmonton Oilers 5–2 katika mechi yao ya mwisho. Kila mtu alijua. Miongoni mwa waliokuwa kwenye barafu usiku huo alikuwa Josh Doan, mwana wa nahodha wa zamani, aliyekulia Scottsdale na kucheza hoki ya chuo katika uwanja huo huo. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba timu inakwenda Salt Lake City, kwa Ryan Smith, kwa dola bilioni 1.2. Uwanja wa huko, Delta Center, nao ulijengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na maelfu ya viti vyake havikuona malango yote mawili. Safari hii mmiliki alisema wazi kiti kipi kinaona nini, akavitoza kidogo, akaanza kuukarabati uwanja. Watu wakavinunua.

Mmiliki wa mwisho wa Arizona, Alex Meruelo, alikuwa ameachiwa haki ya kuirudisha timu iwapo angejenga uwanja. Juni 2024 mnada wa ardhi aliyoitaka kaskazini mwa Phoenix ulifutwa, naye akaachia haki hiyo. Watoto bado wanacheza Scottsdale, Gilbert na Chandler, wengi wao katika ligi zilizoanzishwa kwa sababu timu ilikuwepo. Ligi imesema mlango wa kurudi Phoenix haujafungwa. Atakayekuja kuuza tiketi za msimu huo wa kwanza ajiandae kuulizwa, kabla ya bei na kabla ya majina ya wachezaji, uwanja uko upande gani wa mji na mkataba wake ni wa miaka mingapi.